Kupanga Kazi ya Kikundi kwa Tableti: Tuanzie Wapi?



Siku hizi vikundi vya kujisaidia huku kwetu Saboti, na hata upande wa Bungoma, vinatuuliza swali moja: "Tumepata tableti. Sasa tufanye nini nayo?" Vingine vimepewa na wafadhili, vingine vimenunua kwa kuchanga, na vingine vinatumia ya mtoto wa mwanachama aliyemaliza shule. Swali ni zuri. Tumeona tableti imefungwa kwa kitambaa kabatini kama vyombo vya wageni, na nyingine imegeuka kuwa ya watoto kutazama katuni. Hiyo ni pesa ya kikundi imelala bure.

Katika kurasa hizi tungependa kueleza namna ya kuanza kupanga kazi ya kikundi kwa tableti, hatua kwa hatua. Tutatumia mfano wa ekari moja ya mahindi, kwa sababu hiyo kila mtu huku anaijua. Lakini njia ni ile ile kwa kikundi cha kuku, cha ng'ombe wa maziwa, cha miche ya miti au cha akiba na mikopo.

Jambo moja tulishike tangu mwanzo. Tableti haipangi. Kupanga ni kazi ya watu waliokaa pamoja wakasikizana. Tableti inaandika, inakumbusha na inajumlisha, basi. Kikundi ambacho hakina mpango kikinunua tableti, kitakuwa kikundi ambacho hakina mpango na kina tableti.

TABLETI SI MGENI KWETU

Wengine husema hii ni maneno ya watu wa Nairobi. Si kweli. Serikali ya Kenya ilianza kupeleka tableti kwa darasa la kwanza katika shule za msingi za umma mwaka wa 2016, kwa hivyo wako watoto wa vijiji vyetu walioshika tableti kabla ya wazazi wao. Usiku wa tarehe 24 Agosti 2019, sensa ya Kenya ilipoanza, makarani walizunguka nyumba kwa nyumba na tableti mkononi. Ilikuwa sensa yetu ya kwanza kufanywa bila fomu za karatasi. Wenzetu wa Tanzania walifanya hivyo hivyo Agosti 2022, na wao chombo hiki wanakiita kishikwambi.

Hata mbolea imeingia katika njia hiyo. Mwaka wa 2023, mkulima aliyetaka mbolea ya ruzuku ya serikali ilibidi kwanza awe amesajiliwa, kisha asubiri ujumbe kwenye simu yake. Aliyekuwa hajasajiliwa, au aliyeandikisha namba ya simu isiyotumika tena, alibaki akiuliza majirani. Tunataja hayo ili tuone kwamba mambo ya shamba tayari yanapita katika mashine. Afadhali kikundi kijifunze kuitumia kwa faida yake, kuliko kuandikwa tu na watu wengine.

HATUA YA KWANZA: MPANGO CHINI YA MTI

Mkutano wa kwanza, tableti ibaki imezimwa. Chukueni daftari, au karatasi kubwa ya ukutani, au hata kijiti na udongo. Jiulizeni maswali matano:

1. Tunataka kufikia nini, na lini?
2. Ni kazi gani lazima zifanyike kabla ya kufika hapo?
3. Kila kazi ni ya nani? (Jina la mtu, si "kamati".)
4. Kila kazi inataka pesa ngapi, na pesa hiyo inatakiwa siku gani?
5. Nani ataangalia kama kazi imefanyika?

Njia rahisi ya kujibu ni kuhesabu kurudi nyuma. Tuchukue mfano wetu. Kikundi kinataka kuvuna mahindi mwezi wa Oktoba. Mahindi ya nyanda za juu kama H614 huchukua miezi sita hivi au zaidi kukomaa katika baridi yetu ya Mlima Elgon. Kwa hivyo mbegu lazima iwe ardhini mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili, mvua inapoanza. Ili mbegu iwe ardhini wakati huo, shamba lilimwe mara ya pili mapema Machi. Ili lilimwe mara ya pili Machi, lilimwe mara ya kwanza Januari, magugu yapate kukauka na kuoza. Ili trekta iingie Januari, shamba la kukodi liwe limelipiwa. Na ili pesa ya kukodi iwepo Januari, mchango uanze Septemba.

Mnaona? Mavuno ya Oktoba ya mwaka ujao yanaanza na shilingi ya Septemba ya mwaka huu.

Wazee wetu wa Trans Nzoia walijua ubaya wa kuchelewa. Kituo cha utafiti cha Kitale, kilichotoa mbegu chotara ya H611 mwaka wa 1964, kilifanya pia majaribio juu ya wakati wa kupanda. Majaribio ya miaka hiyo yalionyesha kwamba mkulima anayepanda mvua inapoanza huvuna zaidi kuliko anayepanda wiki kadhaa baadaye, hata kama mbegu na mbolea ni zile zile. Basi tarehe ni pembejeo kama mbolea, na hii hainunuliwi dukani.

HATUA YA PILI: KUITAYARISHA TABLETI

Kama bado hamjanunua, angalieni mambo haya:

- Iwe na mahali pa kuweka laini ya simu. Tableti inayotegemea intaneti ya hoteli au ya ofisi haitawafaa kijijini.
- Betri ikae siku nzima ya kazi. Ulizeni pia kama chaja yake ni ya kawaida, ile inayopatikana kwa urahisi Kitale.
- Kioo kiwe kikubwa kiasi cha watu watatu au wanne kuona pamoja. Hiyo ndiyo faida ya tableti kuliko simu.
- Mpewe risiti yenye jina la kikundi. Tableti ya bei ya ajabu kwa mtu wa njiani huenda ni ya wizi, na kikundi kitaingia matatani. Mkinunua, andikeni katika daftari namba yake ya kiwandani. Kwa tableti yenye laini, namba hiyo huonekana mkibonyeza *#06# mahali pa kupigia simu, au mkitazama kwenye mipangilio yake.
- Mkinunua kwa kulipa kidogo kidogo, ulizeni kwanza: tukichelewa kulipa, itajifunga? Nyingine hujifunga, na mipango yenu yote imo ndani.

Mkishaipata, nunueni kifuniko cha kuikinga isivunjike. Kisha wekeni lugha ya Kiswahili. Ingieni katika mipangilio, tafuteni mahali pa lugha, mchague Kiswahili. Wanachama wengi hawajui kwamba jambo hili linawezekana, na wamekuwa wakiogopa chombo kwa sababu ya Kiingereza tu.

Stima ikipotea mara kwa mara kwenu, au kama hamna stima, amueni mapema itachajiwa wapi. Kwa mwanachama mwenye sola? Kwa kibanda cha sokoni? Na nani atakaa hapo akiisubiri? Tableti haiachwi kibandani peke yake na daftari la kikundi limo ndani.

HATUA YA TATU: PROGRAMU TATU ZINATOSHA

Vijana watawaambia kuna programu mia moja. Msikimbie. Kwa mwaka wa kwanza tatu zinatosha, na zinapatikana bila malipo. Nyingine huwa tayari ndani ya tableti.

Ya kwanza ni kalenda. Hapa mnaandika tarehe za kazi zote mlizopanga chini ya mti. Faida yake ni kikumbusho. Mkiandika "Kununua mbegu, tarehe 20 Februari", iambieni pia iwakumbushe wiki mbili mbele. Kikumbusho kinacholia siku yenyewe ya kazi ni kama mtu anayewaambia mvua inanyesha wakati mmeshalowa.

Ya pili ni orodha ya kazi. Hii ni kama karatasi ya kwenda sokoni. Kila kazi ina kisanduku kidogo, na ikimalizika mnakigusa, alama inatokea. Mbele ya kila kazi andikeni jina la mwenye kuifanya. Mkutano ukianza, orodha inasomwa kwa sauti: imefanyika, haijafanyika, kwa nini.

Ya tatu ni jedwali la hesabu. Hili ni kama ukurasa wa daftari uliopigwa mistari ya kwenda chini na ya kwenda kando, lakini lenyewe linajumlisha. Ukibadilisha tarakimu moja, jumla yote inabadilika papo hapo.

Si lazima kuwa na intaneti kila saa. Kalenda, orodha na jedwali vinaweza kutumika shambani bila mtandao, mradi programu mliyochagua imeruhusiwa kufanya hivyo. Ijaribuni mkiwa nyumbani: zimeni data, halafu muone kama inafunguka na kuandika. Mkifika mahali penye mtandao, mnawasha data kidogo na yale mliyoandika yanakwenda kuhifadhiwa. Bando ndogo mara moja kwa wiki inatosha. Kinachomaliza data ni video, si mipango.

HATUA YA NNE: PESA, MWEZI KWA MWEZI

Hapa ndipo tableti inalipa gharama yake. Tuchukue kikundi cha watu 20 chenye ekari moja ya kukodi. Bei tunazotumia hapa ni za mfano. Ninyi wekeni za kwenu, zile mlizouliza wenyewe kwa mwenye trekta na kwa agroveti.

Kukodi shamba: 12,000
Kulima mara ya kwanza: 3,500
Kulima mara ya pili: 2,500
Mbegu, kilo 10: 2,750
Mbolea, mifuko miwili (ya kupandia na ya kukuzia) kwa 2,500: 5,000
Palizi mara mbili: 6,000
Kuvuna, kupukuchua, kukausha na magunia: 5,000
Jumla: 36,750

Vikundi vingi huishia hapa. Vinagawanya 36,750 kwa watu 20, vinapata kama 1,840 kwa kila mtu, halafu vinasema, "Tukichanga 200 kwa mwezi tutapita hapo." Ni kweli, watapita. Watu 20 kwa 200 ni 4,000 kwa mwezi, na kwa miezi kumi ni 40,000. Lakini ngoja kwanza. Pesa haitakiwi yote siku moja, na mchango hauingii wote siku moja. Andikeni katika jedwali miezi kwa mstari: pesa iliyoingia, pesa itakayotoka, pesa inayobaki.

Kikundi kinaanza kuchanga Septemba. Kufikia mwisho wa Desemba kina 16,000. Januari kinalipa shamba na trekta ya kwanza, yaani 15,500. Kinabaki na 500. Mchango wa Januari na wa Februari unaleta 8,000, jumla 8,500. Mwanzo wa Machi kinataka trekta ya pili, mbegu na mbolea: 10,250.

Haitoshi. Kimepungukiwa na 1,750, na ni wiki ile ile ambayo mawingu yanajikusanya juu ya Mlima Elgon.

Tunajua kinachofuata, maana tumekiona mara nyingi. Kikundi kinasema tusubiri mchango wa mwisho wa Machi. Au kinanunua mbegu bila mbolea. Au mwenyekiti anakopesha kikundi kutoka mfukoni mwake, na kuanzia siku hiyo shamba linaanza kuitwa shamba la mwenyekiti. Ugomvi mwingi wa vikundi huanzia mahali kama hapa, kisha tunasema ati watu hawapendani.

Sasa rudini kwenye jedwali, mahali palipoandikwa mchango wa 200. Futeni, andikeni 215. Angalieni Machi. Watu 20 kwa 215 ni 4,300 kwa mwezi. Kwa miezi sita, Septemba mpaka Februari, ni 25,800. Matumizi mpaka Machi ni 15,500 na 10,250, yaani 25,750. Imetosha, na shilingi 50 imebaki! Mbegu inaingia ardhini kwa wakati kwa sababu ya shilingi 15 zaidi kwa kila mtu kwa mwezi.

Je, mngeweza kufanya hesabu hii kwa kalamu? Ndiyo. Wako makatibu hodari wanaoifanya. Lakini kwa kalamu, kila mtu akiuliza "na tukichanga 210 je?", "na bei ya trekta ikipanda je?", katibu anaanza upya, anachoka, na mkutano unafungwa. Kwa tableti wanachama wanauliza maswali kumi na kupata majibu kumi kabla chai haijapoa. Na mwanachama aliyeona kwa macho yake kwamba ile 15 inaokoa Machi, hutoa bila kusukumwa.

HATUA YA TANO: KUFULI TATU

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo kwetu ni kubwa kuliko yote.

Vikundi vingi vya akiba vinajua sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa watu watatu wa nyumba tatu, na sanduku halifunguliwi ila mbele ya mkutano. Hakuna anayeona hilo kama tusi. Ni njia ya kulinda pesa, na pia kumlinda aliyepewa sanduku asisingiziwe.

Lakini tableti ina kufuli moja tu, na mara nyingi ufunguo wake uko kwa mtu mmoja: kijana anayejua kubonyeza. Mwanzoni ni sawa. Baada ya muda, akina mama walioanzisha kikundi hawajui tena michango ni ngapi mpaka kijana aje. Kijana akipata kazi Eldoret, ameondoka na kumbukumbu za kikundi. Akikosana na mwenyekiti, tableti inakuwa fimbo. Hata kama ni mwaminifu kabisa, watu wanaanza kunong'ona, kwa sababu wasichokiona hawakiamini.

Basi tuitilie tableti kufuli zake tatu:

Kufuli ya kwanza ni watu. Namba ya kuifungua ijulikane na watu watatu: mwenyekiti, katibu, na mwanachama mmoja asiye kiongozi. Angalau mmoja awe mwanamke. Wote watatu wajifunze kuitumia, na anayejua asimfanyie mwenzake. Amwelekeze kidole chake mwenyewe.

Kufuli ya pili ni akaunti. Tableti huomba akaunti ya barua pepe ili kuhifadhi mambo yenu. Akaunti iwe ya kikundi, isiwe ya mtu. Namba ya simu inayotumiwa kurudisha akaunti ikipotea iwe laini ya kikundi. Namba ya siri ya akaunti iandikwe kwenye karatasi, itiwe katika bahasha, ifungwe, viongozi watie sahihi juu yake, na ilale ndani ya lile sanduku la kufuli tatu. Tableti ikiibwa au ikitumbukia mtoni, mnaingia kwa tableti nyingine na kukuta mipango yenu yote.

Kufuli ya tatu ni daftari. Msitupe daftari. Kila mwisho wa mkutano, katibu anaandika humo mambo matatu: jumla ya pesa, kazi zilizomalizika, na kazi zinazofuata zikiwa na majina na tarehe. Nusu ukurasa unatosha. Mkutano ukianza, daftari na tableti vinasomwa pamoja. Vikitofautiana, hakuna kuendelea mpaka ijulikane kwa nini.

Na mambo mawili ya kukataza. Namba ya siri ya M-PESA au ya benki isiandikwe ndani ya tableti kamwe, hata kwa mafumbo. Na asiyemo katika wale watatu asipewe tableti aende nayo nyumbani, hata akiomba kwa upole.

HABARI ZA WANACHAMA NI AMANA

Mkianza kuandika majina, namba za vitambulisho, simu na madeni ya watu, mmebeba amana. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Kwa lugha ya kawaida, inataka mtu aelezwe kwa nini habari zake zinachukuliwa, na zitumiwe kwa jambo hilo, si jambo lingine. Kwa hivyo andikeni kile tu kikundi kinachohitaji. Deni la mwanachama halipigwi picha na kutumwa kwa watu ili kumwaibisha. Na akija mtu akitaka orodha yenu yenye namba za vitambulisho, ati ni ya msaada, muulizeni ametoka wapi na orodha inaenda wapi, kabla ya kubonyeza chochote.

WASIOSOMA WASIACHWE NYUMA

Katika kila kikundi kuna mtu ambaye hakupata nafasi ya kwenda shule, na mara nyingi ndiye anayejua shamba kuliko wote. Tableti inaweza kumsaidia, au inaweza kumfukuza. Inategemea ninyi.

Tumieni picha. Kila wiki mbili, mtu mmoja asimame mahali pale pale penye kigingi kile kile, apige picha ya shamba. Mwisho wa msimu mkizipitisha moja moja, kila mtu anaona palizi ilichelewa wapi na mbolea ilifanya kazi wapi. Tumieni sauti pia: asiyeandika anaweza kurekodi maneno yake, "Leo nimeona viwavi kwenye majani upande wa mto," na kikundi kikasikiliza. Tangu kiwavijeshi vamizi aingie Kenya mwaka wa 2017, tunajua kwamba kumwona mapema ni nusu ya dawa.

Na ule mpango wa ukutani mlioufanya siku ya kwanza usiondolewe. Asiye na tableti mkononi anautazama akipita.

MPANGO UKIBADILIKA

Mpango si sheria. Mvua inaweza kuchelewa, au ikaja wakati haitakiwi. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilinyesha wakati wa kuvuna na kukausha, na mahindi mengi yalikuwa hatarini kuota ukungu. Bodi ya Nafaka haikubali mahindi yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 13.5, kwa hivyo kikundi kisichopanga juu ya kukausha hupeleka magunia Kitale na kurudi nayo.

Faida ya kalenda ya tableti ni kwamba tarehe inasogezwa bila kufutwa-futwa. Lakini wekeni kanuni: tarehe haisogezwi na mtu mmoja usiku nyumbani kwake. Inasogezwa mkutanoni, na sababu inaandikwa. Msimu ukiisha, zile sababu ndizo masomo yenu. Kikundi kitaona, kwa mfano, kwamba kila mwaka kazi inayochelewa ni moja tu, na si kwa sababu ya mvua, bali ya trekta iliyotafutwa siku ya mwisho.

MWEZI WENU WA KWANZA

Kwa wanaotaka kuanza sasa hivi, hii hapa ratiba ndogo:

Wiki ya kwanza: mkutano bila tableti. Jibuni maswali matano, chagueni watu watatu wa kutunza.
Wiki ya pili: wale watatu wakae saa mbili pamoja. Waweke lugha, wafungue akaunti ya kikundi, waandike tarehe tano tu katika kalenda.
Wiki ya tatu: andikeni bei mlizouliza katika jedwali, mwezi kwa mwezi. Tafuteni mwezi wenye upungufu. Karibu kila kikundi kina mmoja.
Wiki ya nne: mkutano wa wote. Someni mpango kwa sauti, badilisheni mchango au tarehe mpaka ule upungufu uishe, kisha katibu aandike daftarini.

Msijaribu kufanya zaidi ya hapo. Kikundi kinachotumia kalenda peke yake mwaka mzima kimefanya vizuri kuliko kilichopakua programu ishirini na kuziacha.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Je, ni mwezi gani wa mwaka ambao kikundi chetu hupungukiwa na pesa? Tulijua lini?
2. Kumbukumbu zetu zikoje leo: mtu mmoja akihama au akifariki, tungebaki na nini?
3. Ni nani katika kikundi ambaye hajawahi kushika tableti? Nani atakaa naye mpaka ajue?
4. Watu wetu watatu wa kutunza ni nani, na watabadilishwa baada ya muda gani?
5. Tukihesabu kurudi nyuma kutoka siku ya mavuno yetu, kazi ya kwanza inaangukia tarehe gani? Je, tarehe hiyo imeshapita?